Muda wa Kazi Ndogo

Mtu anapomaliza kuunda mfano mdogo wa gari, merikebu au ndege, mara nyingi swali la kwanza aulizwalo halihusu kufanana kwa mfano ule na asili yake. Huulizwa kazi ile imemchukua siku ngapi. Swali lenyewe ni jepesi, na jibu lake laweza kutolewa kwa hesabu. Walakini ndani yake mna swali la pili lisilotamkwa: je, mtu mwenye akili timamu ana haki ya kutoa siku zote hizo kwa kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kisichobeba mzigo?

Mlali, chini ya milima ya Uluguru, ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Barabara itokayo upande wa Mzumbe hupita hapo kabla ya kupanda kwenda Mgeta, na malori yenye matenga ya nyanya na mboga huifuata kwenda sokoni. Mahali palipo na malori hapakosi watoto wa kuyatazama, na palipo na watoto wa kutazama hapakosi malori madogo. Gari la mtoto huundwa kwa waya, mabua, mianzi au bati la kopo. Magurudumu hukatwa katika nyayo za kandambili zilizochakaa. Usukani huwa waya mrefu unaofika mkononi mwa dereva, ambaye huenda kwa miguu nyuma ya gari lake. Kuviunganisha vitu hivi kwaweza kumalizika kwa siku moja. Kuvipata ni habari nyingine. Waya hauokotwi kila siku, wala kandambili haichakai kwa amri. Gari laweza kukaa juu ya magurudumu matatu kwa majuma mawili likingojea la nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wake hupita katika kutafuta na kungoja, na anayehesabu saa za kukata na kukunja tu hajahesabu nusu ya kazi.

Katika nchi za viwanda kungoja huko kumeondolewa kwa fedha. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa mfano wa merikebu Golden Hind katika vipande vya plastiki, ukauzwa kwa bei ndogo katika maduka ya Woolworth. Mnunuzi wa mifano ya namna hiyo hupata vipande vyote ndani ya sanduku moja, vimekwisha kupimwa: mathalani, sehemu moja ya mfano kwa sehemu 72 za ndege yenyewe. Hata hivyo muda wa kazi haukuwa mmoja kwa watu wote. Ndege ndogo katika mikono ya mtoto huweza kusimama juu ya meza jioni ile ile. Ndege iyo hiyo katika mikono ya mtu mwingine huchukua miezi. Wa kwanza hupaka gundi akaridhika. Wa pili husugua kila kiungo, hupaka rangi nyembamba juu ya rangi nyembamba, hungoja kila moja ikauke, na hutafuta katika vitabu rangi iliyokuwa juu ya bawa la ndege ile katika mwaka ule. Merikebu ya mbao yenye kamba zake zote huweza kuchukua miaka. Sanduku, basi, halisemi kazi itakwisha lini. Linalosema ni kiasi cha ukweli ambacho mtu ameazimia kukifikia.

Wenye kulaumu wana methali mkononi: kazi mbi si mchezo mwema. Maana yake ni kwamba kazi, hata ikiwa mbaya, hushinda mchezo, hata ukiwa mzuri. Lakini lawama hii haigawanywi sawasawa. Kati ya mwaka 1921 na 1924 iliundwa nyumba ya vikaragosi ya Malkia Mary wa Uingereza, kwa mchoro wa Edwin Lutyens, kila kitu kikiwa sehemu moja kwa 12 ya ukubwa wa kawaida. Mna taa za umeme, na maji yapitayo katika mabomba. Mafundi, wachoraji na waandishi wengi walitoa siku zao kwa ajili yake, na leo watu hulipa kiingilio katika ngome ya Windsor ili waitazame. Hapana anayewaita mafundi wale wavivu. Mtoto wa Mlali akikaa alasiri tatu chini ya mwembe akikunja waya, jina hilo humfikia kabla gari halijakwisha. Kazi ni moja. Tofauti imo katika mfuko wa mtendaji. Ikiwa saa za namna hii ni aibu, basi ni aibu katika ngome pia. Na ikiwa huko ni heshima, hapana sababu heshima ife njiani kabla ya kufika Uluguru.

Hata hivyo mlaumu hana makosa yote. Nyanya iliyoiva haingoji, na lori la mnunuzi likiondoka limeondoka. Mama aliye shambani peke yake ana dai la haki juu ya mikono ya mwanawe. Kadhalika baba wa London ajifungiaye chumbani na vipande vyake wakati mtoto wake anamngoja mlangoni hana udhuru kwa sababu ndege yake ni nzuri. Wakati wa mtu una wadai wake, na uzuri wa kazi hautakasi saa iliyochukuliwa kwa mwenye kuidai. Ila deni la kweli lina kikomo. Mdai achukuaye kila kitu amekwisha kuwa bwana, na mdaiwa wake amekwisha kuwa mtumwa. Itasemwa kwamba katika nyumba maskini kazi haina mwisho, kwa hiyo deni nalo halina mwisho. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kumtengea mtoto saa yake kwa makusudi. Maana akiambiwa angoje mpaka kazi iishe, atangoja mpaka uzee.

Milima yenyewe inatoa ushahidi juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Siku za kuchimba zilihesabiwa na wengine, na faida ilionwa na wengine. Mwaka 1955 fujo zilitokea huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, ambako mboga ziliwaletea wakulima fedha zao wenyewe, ngazi zilichimbwa na kutunzwa kwa bidii. Jembe lilikuwa moja na mlima ulikuwa mmoja. Siku iliyoamriwa ilikuwa nzito, na siku iliyotolewa kwa hiari ilichukulika. Mtu hawezi kujua uzito wa muda kwa kutazama saa tu. Hana budi kuuliza ni nani aliyeutoa.

Na mtoaji hupata nini? Mtoto aliyeunda lori amelitazama lori kuliko abiria aliyepanda ndani yake kwa miaka kumi. Anajua ekseli hukaa wapi, na kwa nini mzigo ukizidi nyuma gari huinua pua. Pengine kitu kidogo huokoa hata kikubwa. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari ya chuma na kusukumwa na tanga la mkeka, uliacha kuundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Umbo lake laonekana hata leo katika mfano mdogo uliomo katika Makumbusho ya Lamu. Mikono iliyoshona mfano wa namna hiyo huenda iliambiwa kwamba inapoteza wakati.

Basi aulizaye kazi ndogo huchukua muda gani anastahili kujibiwa kwa masharti mawili. Mtendaji awe amelipa kwanza anachodaiwa na walio karibu naye; kisha muda uliobaki aachiwe yeye, uwe jioni moja au miaka mitatu, bila kuombwa radhi kwa ajili yake. Sharti la kwanza hufundishwa Mlali tangu utotoni, na hufundishwa vizuri. La pili bado halijafundishwa vya kutosha, na wanaopaswa kulijifunza ni wakubwa.