Upanga wa Petro Barabarani

Masomo ya juma hili: Yohana 18:1–11 na Luka 22:47–53



Habari ya Gethsemane tumeisikia mara nyingi mno, hata tumesahau kwamba ni habari ya watu kuvamiwa na askari usiku. Yohana anaeleza kuwa kikosi kilikuja na taa, mienge na silaha. Upande wa pili wamesimama wanafunzi na mwalimu wao, na mmoja ana upanga kiunoni. Luka alikwisha kutudokeza kuwa panga zilikuwa mbili. Hakuna aliyeuliza nani amebeba nini, wala hakuna aliyesema. Mwanga ukawamulika, Petro akachomoa, na sikio la kuume la Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu, likakatika.

Nimeichagua habari hii kwa sababu ya swali ambalo baadhi yenu mmekuwa mkiniletea mlangoni baada ya ibada, kwa sauti ya chini: Mchungaji, ninacho kibali cha kubeba bastola, polisi akinisimamisha barabarani, nimwambie au ninyamaze?

Wanaouliza si wahuni. Ni dereva wa lori anayelala kwenye maegesho ya barabara kuu, mama mwenye duka anayefunga usiku na mauzo ya siku mkobani, kijana anayebeba abiria wa kuitwa kwa simu. Hapa Marekani jambo hilo ni halali. Mwaka 2022, katika kesi iitwayo Bruen, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake ili kujilinda, na kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha hata kudai kibali kwa mtu mzima asiye na zuio la kisheria. Ninyi mliotoka Kivu mnaona ajabu, nami siwashangai. Huko bunduki mliiona mikononi mwa watu ambao akili yote ilikuwa ni jinsi ya kuwakimbia.

Sasa jibu la sheria, ambalo ni fupi na linaudhi: inategemea uko jimbo gani. Michigan inakutaka umwambie afisa papo hapo, kabla hajauliza. Minnesota inakutaka useme ukiulizwa. Ohio ilikuwa inadai useme upesi bila kuulizwa, lakini tangu Juni 2022 wajibu huo upo pale tu afisa anapouliza. Texas, afisa akidai kitambulisho, mwenye leseni ya bastola aliyeibeba aitoe pamoja na hicho kitambulisho. Dereva wa lori anaweza kupita chini ya sheria tatu kabla hajala chakula cha mchana. Tena kibali chenyewe hakivuki kila mpaka. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alisimamishwa New Jersey kwa kosa dogo la kubadili njia. Alikuwa na kibali cha Pennsylvania, akamweleza afisa ukweli wote, akatiwa pingu, kwa kuwa New Jersey haikitambui kibali hicho. Alikuwa anatazama miaka kadhaa ya jela mpaka gavana alipomsamehe mwaka 2015.

Na kwa sisi wageni kuna jingine. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani, na wapo ambao kwa aina ya viza au hali ya makaratasi yao hawaruhusiwi kabisa kuwa na silaha. Hilo kamuulize wakili wa uhamiaji. Usiniulize mimi, na zaidi ya yote usimuulize yule ndugu yako ambaye anajua kila kitu.

Turudi bustanini. Yesu hangoji kutafutwa. Anawatokea mwenyewe, anawauliza wanamtaka nani, anajitambulisha, kisha anaomba walio pamoja naye waachwe waende. Yote yanafanyika mbele ya mwanga, na mikono yake inaonekana. Mkono unaotembea gizani ni wa Petro peke yake.

Wanaofundisha watu kubeba silaha hapa wanafundisha karibu mambo hayo hayo, bila shaka bila kuwa na Yohana mezani. Simama mahali salama. Kama ni usiku washa taa ya ndani. Shusha kioo, weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole wazi, na iache hapo. Ukiamua kusema, au sheria ikikutaka useme, anza na kibali: nina kibali cha kubeba silaha, nami leo nimeibeba, ungependa nifanye nini? Neno bastola lisiwe la kwanza kutoka kinywani, maana neno hilo likisikiwa nusu linatisha. Kisha ngoja. Usimwonyeshe ilipo kwa kuigusa. Leseni ya udereva na kadi ya bima zisikae mfuko mmoja na silaha, wala ndani ya droo ya dashibodi ambamo silaha imelala. Wengi huzibana kwenye kikinga jua, juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo mkono unaokwenda unaonekana wote. Afisa akikuambia ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ilimpa uwezo huo mwaka 1977, katika kesi ya dereva aliyeshushwa garini huko Pennsylvania, na uvimbe chini ya koti lake ukaja kuwa bastola. Anaweza pia kuishika silaha yako kwa muda wa mazungumzo, akairudisha mwishoni.

Kwa nini adabu yote hii, na haki ni yako? Kwa sababu anayekuja dirishani hakujui. Waamuzi sura ya 3 inamtaja Ehudi wa kabila la Benyamini, mtu wa mkono wa kushoto, aliyefunga upanga wa dhiraa moja chini ya nguo, kwenye paja la kuume, akaenda nao kwa mfalme Egloni na zawadi mkononi, kisha akamwua. Sisi tunaisoma kwa furaha kwa kuwa Ehudi ni wa kwetu. Askari anaisoma kutoka kiti cha Egloni, hata kama hajafungua Biblia mwaka mzima. Kila anapoinama dirishani anajiuliza paja la kuume lina nini. Hofu hiyo si ya uongo, wako maafisa waliouawa hivyo hivyo, na Mkristo aliyebeba silaha anajua kitu ambacho jirani yake anakiogopa bila kukijua. Kumwambia mapema na kwa upole, hata pale sheria isipokulazimisha, nakuhesabu kuwa kumpenda jirani. Huo ndio ushauri wangu, na wako wanasheria watakaonipinga kwa kukumbuka yule mama wa New Jersey.

Ila tabia zetu za nyumbani zitupunguzie kasi kidogo. Kule kwetu trafiki akikupungia mkono unaegesha, unashuka, unamfuata na leseni mkononi. Unamwamkia afande. Kukaa ndani ya gari ukingoja mtu mzima akufuate dirishani ni kiburi. Abiria nao wanachangia hoja, mmoja anamjua mkubwa wa kituo, mwingine anapapasa mfukoni tayari. Hapa kila kimoja kati ya hivyo kinasomwa vingine: kushuka ni kumkabili afisa, kupapasa mfuko ni kutafuta silaha, na noti iliyokunjwa ndani ya leseni ni jinai.

Tarehe 4 Aprili 2022, huko Grand Rapids, Michigan, mkimbizi wa Kongo aitwaye Patrick Lyoya, mwenye miaka 26, alisimamishwa kwa kuwa namba za gari hazikulingana na gari. Alishuka. Video inamwonyesha afisa akimwambia arudi ndani, akimuuliza kama anajua Kiingereza. Yakafuata kukimbia, kukumbatana na kugombania kile kifaa cha kupigia shoti ya umeme, na mwisho risasi moja kisogoni, naye akiwa amelala kifudifudi. Hakuwa na bunduki yoyote. Baba yake alipozungumza na waandishi wa habari alizungumza Kiswahili, mkalimani pembeni. Mei 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi ya afisa huyo lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kuwa hataifungua upya. Nawaeleza haya kwa uzito kwa sababu kijana huyo alisema lugha tunayoimbia hapa kila Jumapili.

Na yuko aliyefanya kila kitu kama kinavyofundishwa. Jioni ya tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, kando ya jiji la Saint Paul, Minnesota, gari la Philando Castile lilisimamishwa. Alikuwa na miaka 32, msimamizi wa kantini ya shule ya watoto, na mfanyakazi mwenzake alisema alijua majina ya wanafunzi karibu 500 na chakula kinachomdhuru kila mmoja. Barabarani alikwisha kusimamishwa zaidi ya mara 40 maishani mwake, nyingi kwa mambo madogo madogo. Safari hii aliambiwa ni taa ya nyuma. Kwenye redio afisa alikuwa amesema kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa wizi, kwa upana wa pua. Castile alitoa kadi ya bima. Kisha, akimwita afisa bwana, akamjulisha kuwa ana silaha. Kibali alikuwa nacho, na hakuwa ameulizwa. Afisa akamwambia asiichukue. Yeye akajibu kuwa haichukui, mwenzi wake kiti cha pembeni naye akasema hivyo hivyo. Tangu aitaje silaha zilipita sekunde kama saba tu, na risasi saba zikapigwa ndani ya gari ambalo kiti chake cha nyuma alikaa binti wa miaka minne. Bastola ilikutwa mfukoni mwa kaptula yake, bila risasi ndani ya chemba. NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki nchini, kilitoa taarifa siku mbili baadaye bila kumtaja kwa jina. Juni 2017 jopo likamwona afisa hana hatia.

Ndugu zangu, hapa mchungaji anapaswa kuwa mwangalifu na kinywa chake. Nimewahi kusikia mahubiri kuhusu Warumi 13 yanayoishia hivi: tii, na hutadhurika. Hakuna ahadi ya namna hiyo katika Warumi 13, na haimo Yohana 18 pia. Bwana wetu alijitambulisha, alinyoosha mikono, akamwamuru Petro aurudishe upanga alani, hakumgusa mtu isipokuwa kumponya, na bado wakamfunga. Tukiigeuza mikono juu ya usukani kuwa hirizi, basi kila atakayeuawa tutamtafutia kosa alilofanya, na mama yake atakaa kanisani akitusikia tukilitafuta. Mimi sitaki kuwa mmoja wa wanaolitafuta.

Nina neno pia kwa upande wa pili, maana tunao watu wa sheria wanaosali nasi, na wengine wanaoazima maegesho yetu siku za juma. Sheria imempa dereva haki ya kubeba. Kisha kando ya barabara mzigo wote wa utulivu anabebeshwa yeye, ambaye hakupewa mafunzo, wala redio, wala mwenzake wa kumlinda upande wa pili wa gari. Anayelipwa kwa kazi hiyo ndiye anayeruhusiwa kuogopa. Hesabu hiyo haiendi sawa mbele za Mungu, na Luka sura ya 12 iko wazi kuhusu anadaiwa nani zaidi. Mfundishwe kungoja. Sekunde saba ni chache mno kumjua mtu yeyote.

Halafu kuna lile sikio. Luka, peke yake kati ya wainjilisti wanne, anasema Yesu aliligusa akaliponya, na watu wakiwa tayari na kamba. Malko alikuwa upande wa wakamataji. Sijui kama alikwenda nyumbani akiwa mtu mwingine, maandiko yamenyamaza. Ninachoona ni kwamba katikati ya kukamatwa kwa dhuluma, Yesu alimwona aliyekuja kumkamata kuwa mtu anayeumia. Sehemu hii ni ngumu kwangu kuihubiri katika majuma ambayo video nyingine imetoka.

Mimi sibebi. Sisemi anayebeba anatenda dhambi. Mwenye duka ana watoto na ana haki ya kuwaona asubuhi. Ila naomba kila mwenye kibali afanye hesabu na mwenzi wake nyumbani, kwa uwazi: hatari ninayojikinga nayo, na hatari ninayojiongezea mimi mtu mweusi kila taa za buluu zinapowaka nyuma yangu, ipi ni kubwa? Kwa dereva anayelala barabarani jibu laweza kuwa moja. Kwa anayekwenda kazini saa mbili asubuhi na kurudi mchana laweza kuwa lingine.

Jumamosi hii, baada ya mazoezi ya kwaya, tutakutana kwenye maegesho ya kanisa. Ndugu mmoja aliyestaafu upolisi amekubali kuja kusimama dirishani, mmoja mmoja, tujaribu. Leteni magari. Wenye bastola waziache nyumbani. Tutatumia simu mfukoni badala yake. Wazee wasiojua Kiingereza watafundishwa sentensi mbili tu, wazikariri. Na watoto waje, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaotafsiri kutoka kiti cha nyuma, na hakuna aliyewahi kuwaambia wasiinuke. Chai itakuwepo.