Hati ya Mkubwa, Ulimi wa Msomi

Wajukuu zangu, hasa ninyi mnaosubiri nafasi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Mbarara, nimewasikia mkibishana hapa Base Camp, kambini Nakivale, penye kibanda cha kuchajia simu. Mmoja anasema msomi wa kweli hana shughuli na serikali. Mwingine anasema msomi asiye na serikali ni mlalahoi mwenye vyeti. Mimi nasema kaa karibu na serikali, hata hati yake ipokee, ila kabla hujafungua mdomo ujue nani anakulipa na nani anaweza kukunyamazisha.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1660 watu wachache walikutana London wakaunda chama cha kuchunguza mambo kwa majaribio, na mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili akawapa hati ya kuwatambua. Hati tu, bila ruzuku. Kila mwanachama alitakiwa kutoa shilingi moja kwa wiki, na wengi walilimbikiza madeni kama wanachama wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambao siku ya mkutano wana maneno mengi na siku ya mchango hawaonekani. Chama kilisota, lakini mfalme hakuwa na mshahara wa kukikatia. Paris walishika njia nyingine. Mwaka 1666 waziri Colbert aliwakusanya mabingwa, Mfalme Louis wa 14 akawalipa, nao wakafanya kazi kubwa kwelikweli. Mapinduzi yalipokuja, akademia yao ilihesabiwa mali ya mfalme, ikafungwa Agosti 1793. Lavoisier, bingwa wao wa kemia, alikatwa kichwa Mei 1794. Alishtakiwa kwa kazi yake ya kukusanya kodi za mfalme, si kwa kemia, lakini kemia haikumwokoa.

Hapa Uganda msichanganye vyombo viwili. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liliundwa kwa sheria mwaka 1990. Hilo ni mkono wa serikali, ndilo linalosajili utafiti na kutoa vibali. Akademia ya Taifa ya Sayansi ilianzishwa na wasomi mwaka 2000, ikapewa hati na Rais mwaka 2009. Wanachama wake huchaguliwa na wenzao, na kazi yao ni kupima ushahidi na kuishauri nchi. Fedha? Kwa miaka kadhaa walisaidiwa na akademia ya Marekani kwa pesa za mfuko wa Bill Gates, pamoja na wenzao wa Nigeria na Afrika Kusini. Msaada ule ulikuwa wa maana. Lakini mfadhili wa mbali naye ana mambo yake anayoyapenda, na ayapendayo ndiyo hutafitiwa.

Na mshauri asidhani yeye ndiye mwamuzi. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia, ambao watafiti wa kituo cha kilimo cha Kawanda waliungoja kwa hamu, kwani walikuwa wakitengeneza migomba inayostahimili mnyauko. Mnyauko huo wakulima wa Isingiro wanaujua. Rais aliurudisha, akihoji miongoni mwa mengine umiliki wa mbegu. Bunge likaurekebisha na kuupitisha tena mwaka 2018, akakataa tena. Watafiti walikasirika. Kwangu mimi, kuuliza nani atamiliki mbegu halikuwa swali la mjinga, na maabara peke yake haiwezi kulijibu.

Lakini linalonikaa moyoni ni la Goma, kule Kongo. Wazazi wa wengi wenu wametoka Kivu, mnajua ninachosema. Kituo cha kuchunguza volkano kilianzishwa pale mwaka 1986. Vita vilipokuja na mji ukawa mikononi mwa waasi, mtaalamu Dieudonné Wafula aliendelea kupanda mlima Nyiragongo na kupima joto la nyufa, bila mshahara wa maana na bila vyombo vya kutosha. Alionya. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka ukapasua mji katikati, watu wakakimbilia Gisenyi na magodoro kichwani. Ungedhani baada ya hapo serikali ingekilea kituo kama mboni ya jicho. Wapi! Kwa miaka mingi kilitegemea fedha za nje. Fedha za Benki ya Dunia zilipokoma mwaka 2020, hata intaneti ya kupokea taarifa za mlimani ilikatika kwa miezi. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulilipuka tena, na watu waliona anga jekundu kabla ya kusikia neno lolote la serikali. Tuseme haki: wataalamu walieleza baadaye kwamba safari hii dalili zilikuwa chache na za muda mfupi mno, pengine hata vyombo vizima visingetosha. Lakini mtu aliyekatiwa intaneti kwa miezi hawezi hata kusema kwamba alitazama muda wote.

Sasa ninyi. Watafiti wanakuja Nakivale kila msimu, na wanawaajiri ninyi kuzunguka Juru na Rubondo na tableti mkononi, mkitafsiri Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali. Mama anaulizwa familia yake inakula mara ngapi kwa siku. Akijibu mara moja, andika mara moja. Usiandike mbili kwa kuona haya mbele ya wageni, wala usiandike sifuri ukidhani utamsaidia kupata posho. Karatasi zile zina muhuri wa Baraza, zina ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayotusimamia sisi wakimbizi, na mwishoni zina sahihi au dole gumba la mama huyo. Mihuri hiyo inasema mtafiti ameruhusiwa kuuliza. Haisemi jibu liwe la kumpendeza nani.

Mkifika Mbarara, itafuteni kamati ya maadili ya utafiti ya chuo. Mpango wa utafiti husomwa na kamati ya namna hiyo kabla mtu hajahojiwa, na ndani ya mpango huo mtafiti hutakiwa kueleza namna matokeo yatakavyowarudia waliohojiwa. Ulizeni kuhusu utafiti uliofanyika hapa Nakivale: waliahidi kurudisha nini, kwa lugha gani, na nani alitumwa kukileta.