Je, Desturi Inaweza Kuamini kwa Niaba Yetu?

Kila mwaka, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, mji wa Sevilla kusini mwa Hispania haulali. Vyama vya kindugu vya waumini, vingine vyenye umri wa karne nyingi, hutoka makanisani vikiwa na majukwaa ya mbao yenye sanamu za Kristo anayeteswa na za mama yake anayelia. Jukwaa moja huweza kuzidi uzito wa tani moja. Chini yake, nyuma ya mapazia, wamo watu 30, 40 au zaidi wanaolibeba kwa shingo zao. Hawaoni wanakokwenda. Humsikiliza kiongozi aliye nje, anayegonga chuma kuwaashiria wanyanyue au watue. Mbele yao hutembea wanachama waliojifunika nyuso, ili toba ya mtu isigeuke kuwa maonyesho ya jina lake.

Hata hivyo, Wahispania wengi wanaojiita Wakatoliki hawaonekani kwenye misa ya Jumapili. Miongoni mwa wanaoshiriki maandamano hayo wamo wasiosali mwaka mzima, na wamo wanaokiri wazi kwamba hawaamini. Wamo humo kwa sababu baba alikuwamo, na babu pia. Hapo linazuka swali linalotuhusu Wakristo wote: mtu akibeba mfano wa msalaba bila kumwamini Aliyesulubiwa, je, kuna alichokifanya mbele za Mungu?

Sisi Walutheri tuna jibu la haraka: hizo ni sanamu, hayo ni mazoea, hayo ni matendo yasiyo na imani. Jibu hilo lina ukweli, lakini kabla ya kulitoa tumsikilize kwanza Luther mwenyewe. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipoanza kuondoa sanamu kwa fujo, alirudi kutoka mafichoni Wartburg akahubiri siku nane mfululizo. Hakusema sanamu ni za lazima. Alifundisha kwamba Neno libadilishe mioyo kwanza, na kwamba kitu hakiharibiwi kwa sababu tu wapo wanaokitumia vibaya. Lakini mahubiri hayohayo aliyafungua kwa kukumbusha kwamba hakuna awezaye kufa kwa niaba ya mwenzake, hivyo kila mtu ajue mwenyewe anachokiamini. Mafundisho haya mawili tuyashike pamoja: tusibomoe kwa pupa, wala tusiegemee desturi kwa uvivu.

Desturi ina kazi yake njema. Katika miaka ya 1950 na 1960 umaskini uliwahamisha watu wengi kutoka vijiji vya Andalusia, wakaenda kutafuta kazi Barcelona, Ujerumani na kwingineko. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kijiji imeendelea kuwarudisha nyumbani, hata wale ambao mahubiri hayawafikii. Na huko Sevilla, hadi miaka ya 1970 majukwaa yalibebwa hasa na wachukuzi wa kulipwa. Leo wanachama wenyewe huomba nafasi ya kuingia chini, bila ujira wowote. Mtu hatafuti mzigo wa bure kama moyo wake hauna kiu ya kitu fulani.

Katika Kutoka 12 tunasoma kwamba Pasaka iliwekwa ili watoto waulize maana yake. Sikukuu huamsha swali. Lakini Musa hakusema kwamba sikukuu itajijibu yenyewe. Aliwaagiza wazazi wajibu. Mzazi ambaye hana la kusema ila kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya, amemkabidhi mtoto chombo kizuri kisicho na maji.

Ipo hatari kubwa kuliko hiyo. Mwishoni mwa karne ya 14, Askofu Mkuu Gonzalo de Mena alianzisha Sevilla chama cha kindugu kwa ajili ya Waafrika weusi waliokuwa mjini humo, wengi wao watumwa. Chama hicho kingali hai, kinajulikana kama Los Negritos, na hufanya maandamano yake Alhamisi Kuu. Karne ya 16, Sevilla ilikuwa miongoni mwa miji ya Ulaya yenye watumwa wengi zaidi. Mji uliomlilia Kristo aliyefungwa kamba ulikuwa unauza wanadamu waliofungwa kamba. Machozi yalikuwa ya kweli, na biashara nayo ilikuwa ya kweli. Ibada haikukosekana, kilichokosekana ni kumtambua Kristo katika jirani aliyepita njia ileile. Nabii Amosi, katika sura ya 5, anatangaza kwamba Mungu huzikataa sikukuu ambazo haki haizifuati.

Lakini ipo pia desturi ya mji wa Málaga, ambayo chimbuko lake hutajwa kuwa enzi za Mfalme Carlos III, katika karne ya 18. Chama kimoja cha kindugu huiombea serikali msamaha kwa ajili ya mfungwa, na katika Juma Kuu mfungwa huyo huachiwa huru. Hapo sanamu imepita barabarani, na mtu mmoja amerudi kwa watoto wake.

Tusiwatazame Wahispania kama watu wa mbali. Siku ya Mitende sisi nasi huingia kanisani na matawi. Krismasi viti vyetu hujaa watu ambao hatutawaona tena hadi Pasaka. Kipaimara, katika baadhi ya nyumba, kimekuwa karamu kuliko ahadi. Tuwaambie nini watu hawa, ambao mara nyingine ni sisi wenyewe?

Tuwaambie habari za Simoni Mkirene. Alikuwa mtu wa Afrika ya kaskazini, akitoka shamba, akashurutishwa kuubeba msalaba. Injili haisemi kwamba aliamini alipoubeba. Lakini Marko 15:21 inawataja wanawe, Aleksanda na Rufo, kana kwamba kanisa liliwafahamu. Bega la Simoni halikumhesabia haki, wala bega la yeyote huko Sevilla halitamhesabia. Sisi hatumbebi Kristo ili atupokee. Yeye ndiye aliyetubeba. Lakini aliyejikuta chini ya msalaba bila kuamini amefika karibu sana na Mwenye msalaba, na si kazi yetu kumfukuza hapo.

Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anayeletwa na desturi analikuta Neno linamngoja. Anayekuja Krismasi peke yake, tumpokee bila kejeli. Mtoto atakapouliza maana ya tawi alilolishika, asijibiwe na mchungaji pekee. Ajibiwe nyumbani, na mama yake, baba yake au bibi yake. Na tukimaliza kuimba, twende tumtazame aliyefungwa kamba katika mtaa wetu wenyewe.