Jasho la Nani?

"Mnakimbizwa na nani?"

Swali hilo tuliulizwa asubuhi moja hapa Kisawasawa, pembeni ya barabara iendayo Ifakara, milima ya Udzungwa ikiwa bado na ukungu. Tulikuwa kikundi cha jogging, fulana zimelowa, tunaimba kama kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi. Aliyeuliza ni mama wa makamo, jembe begani, anawahi shamba la mpunga. Tukamwamkia, tukacheka, tukapita. Mimi kicheko kilinikauka njiani.

Maana ukweli ndio huo: hatukukimbizwa na mtu. Nashinda nimekaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo jasho nalitafuta. Yeye jasho linamtafuta. Je, si dharau kumwambia mtu kama huyo kwamba mazoezi ni afya?

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila mama yule anaimaliza Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi.

Basi kikundi kinanipa nini ambacho jembe halimpi yeye? Nadhani ni kusubiriwa. Nikiishiwa pumzi, mmoja anarudi nyuma tuende wote. Nilipougua, simu ziliita: "Kaka, mbona hatukuoni?" Palizi haimsubiri mtu. Ukiumwa, magugu yanaendelea kuota.

Hapo ndipo naona deni. Kama tunajua kumrudia mwenzetu aliyechoka, kwa nini tuishie kwa mwenye fulana? Wazee walikuwa na ujima, wakilimiana kwa zamu. Nikapendekeza Jumamosi moja tukapalilie badala ya kukimbia. Wengine wakanicheka: "Kazi na mazoezi ni vitu viwili, bwana."

Tulikwenda wanne. Mama hakutushukuru sana, wala hakuuliza tena nani anatukimbiza. Alituonyesha pa kuanzia, akatutazama kidogo, akasema: "Taratibu, wanangu. Mtang'oa na mpunga."

Saa tatu mgongo wangu ulikuwa umeshasalimu amri. Yeye alikuwa bado ameinama, na safari hii alikuwa anatusubiri sisi.