Mwenye Shamba Akikataa Kutoa Ardhi, Je, Atenda Dhambi?

Katika nchi nyingi watu hubishana juu ya swali hili: Serikali au kampuni ikija kutaka ardhi kubwa ili kujenga nyumba nyingi, na wenyeji wakikataa, je, wenyeji hao watenda dhambi? Wengine husema: «Hao ni adui wa maendeleo, wawanyima wenzao makao.» Wengine hujibu: «Ardhi ni yao, na mwenye mali halazimiki kumjibu mtu.» Mkristu asiyapokee upesi maneno hayo, wala ya hawa wala ya wale. Yampasa kwanza kuyapima kwa Amri za Mungu.

Mfano mmoja watoka pwani, katika nchi ya Tanzania. Ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam iko sehemu iitwayo Kigamboni. Kwa miaka mingi watu walivuka maji kwa kivuko, na daraja lilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba huko Kigamboni patajengwa mji mpya mkubwa, wenye nyumba nyingi na barabara pana. Nia yenyewe haikuwa mbaya, kwa maana Dar es Salaam ulikuwa umejaa watu, na wengi walikuwa wakijenga mahali pasipopimwa, pasipo na barabara wala mifereji.

Lakini pamoja na tangazo hilo lilikuja katazo: wenyeji wasijenge wala wasiendeleze maeneo yao, wangojee mpango. Wakangoja. Ukapita mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu; wengi hawakuona fidia, wala mji hawakuuona. Baba aliyetaka kumwongezea chumba mwanawe anayeoa aliogopa kununua matofali, maana hakujua kama nyumba itasimama au itabomolewa. Hakufukuzwa kwake, wala hakuachwa akae kwa amani. Ndiyo sababu wengi waliupinga mpango ule. Si wote waliouchukia mji mpya. Waliuliza: Tutalipwa nini, na lini? Je, katika mji huo na sisi tutapata mahali? Mwishowe mji haukujengwa kama ulivyochorwa.

Mtu wa Nyangwe aweza kusema: «Kigamboni ni mbali, na kwetu hakuna kampuni ya kujenga mji.» Ni kweli. Lakini watu wa ukingo wa Lualaba wamjua tangu zamani mgeni mwenye nguvu asiyepiga hodi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara waliingia na bunduki katika soko la Nyangwe, wakaua watu mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na vyakula. David Livingstone alikuwapo akaona kwa macho yake. Uovu ule ulikuwa mkubwa kuliko wa kunyang'anya shamba. Hata hivyo mzizi ni mmoja: mwenye nguvu kumwona mwenyeji kama kwamba hayupo.

Maandiko Matakatifu yasimulia habari za Nabothi wa Yezraeli katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka. Wengi husahau ya kuwa Ahabu alianza vizuri: alimwahidi Nabothi shamba jingine lililo bora, au fedha. Kuomba hakukuwa dhambi. Nabothi akakataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Hapo mfalme akanuna, akajilaza kitandani, akakataa chakula. Ndipo Yezebeli mkewe akaleta mashahidi wa uongo, Nabothi akauawa kwa mawe, na Ahabu akashuka kulichukua shamba. Lakini Mungu alimtuma nabii Eliya amkute mfalme humo humo shambani.

Hapa mkatekumeni afahamu jambo moja. Dhambi ya Ahabu ilianza pale aliposhindwa kusikia neno «hapana». Ni kama mtu apigaye hodi mlangoni. Akiisha piga hodi, hungoja asikie «karibu». Akiingia bila kuitikiwa, ile hodi yake haikuwa hodi. Vivyo hivyo anayewauliza wenyeji juu ya ardhi yao, huku amekwisha amua kuitwaa wakubali wasikubali, hakuwauliza. Amewapa habari tu. Na anayetwaa kwa hila mali ya mwenziwe avunja Amri ya Saba, hata akiwa na karatasi yenye mihuri mingi.

Basi, je, mwenye shamba ana haki ya kukataa kila mara? Hapana. Kanisa lafundisha ya kwamba Mungu aliumba dunia kwa ajili ya watu wote. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kuwa na mali yake mwenyewe, lakini alikumbusha pia ya kuwa mali hiyo ina wajibu kwa wahitaji. Papa Paulo VI, mwaka 1967, alifundisha kwamba mara nyingine manufaa ya wote yaweza kudai ardhi itwaliwe kwa mwenyewe. Lakini alitaja hasa mashamba makubwa mno, yasiyotumika au yaletayo taabu kwa watu. Hakuwa akisema juu ya bustani ya mjane ailimayo kila masika.

Sheria nazo zina neno lake. Katika Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, yalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na yaagiza kwamba mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa manufaa ya wote, na kwa fidia ya haki itolewayo kwanza. Neno hilo «kwanza» ni zito. Watu wa Kigamboni waliujua uzito wake kwa kungoja.

Na tutazame mfano wa kufikiri tu. Kuna mjane mwenye shamba la muhogo kando ya njia iendayo Kasongo. Mgeni ataka kununua nchi yote ile ajenge nyumba mia. Chefu atia sahihi usiku, apokea fedha, na kesho ukoo wasikia habari sokoni. Chefu huyo ametenda dhambi, kwa kuwa ardhi ya ukoo si kuku wake wa kuuza. Yeye ni mlinzi wake. Vijana nao wakienda kuchoma mitambo ya mgeni na kumpiga mlinzi wake, nao wametenda dhambi. Haki haitetewi kwa dhuluma. Waende mchana, wote pamoja, na ushuhuda wa kweli.

Lakini mfano haujaisha. Kati ya watu watakaokaa katika nyumba zile yuko baba aliyekimbia vita huko Kabambare, mwenye watoto wanne wasio na paa. Huyo naye ni jirani wa mjane. Mjane aweza kumkatalia mgeni shamba lake lote bila dhambi yo yote. Lakini hawezi kusema kwamba baba yule hamhusu. Labda liko pembeni fungu lisilolimwa, ambalo lingetosha nyumba moja. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji mpya ni mwema ikiwa mwenyeji apona pamoja na mgeni. Mwenyeji akiangamia ili mgeni akae, hapo hakuna wema.

Kwa hiyo jibu ni hili: kukataa kutoa ardhi si dhambi kwa nafsi yake. Mwenyeji ana haki ya kuulizwa kwa kweli, na ana wajibu wa kujibu kwa upendo.

Maswali kwa wakatekumeni:

1. Ahabu alikosa wapi: alipoomba shamba, au alipokataliwa?

2. Kwa nini fidia yapasa kutolewa kwanza, kabla mtu hajaondoka kwake?

3. Katika kijiji chako, ni nani asiye na mahali pa kulala, na ni ardhi gani imekaa bure?