Tembo Wanne, Pikipiki Tatu

Vijana wa Majimoto, huku Mpimbwe, wakianza kupanga safari ya pikipiki kwenda Ziwa Tanganyika, hoja ya kwanza huwa simba. Katavi tutapitaje? Pancha ikitukuta katikati ya hifadhi je? Mwenye simu anaonyesha video ya viboko waliojazana kwenye dimbwi la Mto Katuma wakati wa kiangazi, wenzake wanaguna, mmoja anasema twende kwa msafara tusiachane, na hapo mpango unahesabiwa umekamilika. Mpunga umeshauzwa, hela ipo, kilichobaki ni kuchagua siku.

Hofu hiyo si ya kubeza. Barabara ya kutoka Kibaoni kwenda Sitalike inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wanyama wa humo hawasomi ratiba ya mtu. Ila hofu kubwa ina ubaya wake: inameza akili yote, na mambo mengine yanapita bila kuulizwa. Safari nyingi huangushwa na kitu ambacho hakuna aliyekiogopa. Mpimbwe inacho kisa cha namna hiyo, cha kweli kabisa, na kwa maoni yangu kinafaa kusimuliwa gereji zaidi kuliko darasani.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa anatafuta njia ya kufikisha mizigo Tanganyika. Kutoka pwani kila kitu kilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi, maana ng'ombe, farasi na punda waliishia njiani kwa mbung'o. Likazuka wazo la tembo: si hawa wetu, bali wa India, waliofundishwa kazi. Wakanunuliwa wanne, wakapakiwa melini Bombay pamoja na walezi wao, wakashushwa majini Msasani karibu na Dar es Salaam, wakaogelea wenyewe hadi nchi kavu. Msimamizi wa msafara alikuwa Frederick Carter, Mwairishi. Alipewa kazi ya kuwafikisha Karema, ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo leo ni ndani ya Mkoa wa Katavi.

Adui aliyepangiwa mikakati alikuwa mbung'o. Tembo wakapita kwenye mapori ya mbung'o, wakaumwa, wakaendelea kutembea kana kwamba hakuna kitu. Carter akaandika kwa furaha kwamba jaribio limefaulu: mbung'o hawawawezi, wanakula kinachoota njiani, na ardhi ya aina yoyote wanaipita. Tembo wa kwanza akafia Mpwapwa. Wa pili naye hakwenda mbali. Wa tatu alianguka Desemba, ziwa likiwa karibu. Aliyefika Karema ni jike mmoja tu, jina lake Pulmalla, naye hakuishi muda mrefu.

Mabishano juu ya vifo hivyo yalikuwa mengi, lakini mambo mawili yalikuwa yakirudi: mzigo na chakula. Wanyama wale walibebeshwa mamia ya kilo siku baada ya siku. Kwao India walizoea kutiliwa nafaka baada ya kazi; huku waliachiwa majani na matawi. Lile la kula kinachoota njiani, lililoandikwa kama ushindi, ndilo huenda lililowamaliza.

Sasa tuwafikirie vijana watatu wa Majimoto, wawili bodaboda na mmoja muuza duka, wameleta pikipiki zao kwa fundi jioni moja ya Julai. Wakati wameupatia, maana mvua za huku huanzia Novemba hadi Aprili, na atakayetoka Majimoto Februari na mzigo atalijua tope la mbuga: lile jeusi linalojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, ukabaki unalichokonoa kwa kijiti kila baada ya hatua chache. Basi Julai ni sawa. Lakini tazama keria ya pikipiki ya kwanza. Kuna hema, godoro lililokunjwa, jiko la gesi na mtungi wake, dumu la maji la lita 20, mfuko wa mchele, na juu kabisa, limefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, spika kubwa la muziki.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, wanangu. Mnahama?"

Wakacheka. Fundi hakucheka. Akaizunguka pikipiki, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaunyanyua. Gurudumu la mbele likaacha ardhi bila taabu.

"Hii na mtu hajapanda," alisema. "Ukikanyaga mchanga pale mbele, unadhani usukani utakusikiliza?"

Kisha akakandamiza kiti kwa uzito wake wote. Shokapu zikashuka mpaka mwisho, na tairi la nyuma likagusa madigadi. Hapo ndipo hesabu ya safari inapofanyikia. Mzigo mzito uliorundikwa nyuma ya ekseli unaipunguzia pikipiki uwezo wa kukata kona na kufunga breki, unavuta cheni, unachemsha injini, na unapasua tyubu kwenye shimo ambalo siku nyingine ungelipita unapiga mluzi. Vitu vizito vinakaa chini na mbele, karibu na dereva, pande zote mbili kwa uzito sawa. Juu ya keria panabaki vyepesi: hema, chandarua, nguo.

Na chakula cha pikipiki? Vijana walikuwa na jibu tayari, tutanunua mbele kwa mbele. Kwa petroli si jibu baya sana. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda inakwenda kilomita 40 hivi kwa lita, ikilemewa inapungua, na vijijini petroli ya chupa haikosekani. Ichujwe tu kwa kitambaa safi kabla ya kuingia tangini. Tatizo ni oili. Injini hizi zinabeba oili kama lita moja tu, na nyingi hazina taa ya kukuambia imepungua. Pikipiki iliyolemewa, kwenye joto la bonde la Rukwa, gia ndogo muda mrefu, inaila oili kimyakimya hadi injini inakwama. Kuangalia kijiti cha oili kila asubuhi hakuchukui muda wa kunywa chai. Ongeza tyubu mbili za akiba, waya wa klachi, plagi, kiungo cha cheni, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Vyote hivi pamoja havifiki uzito wa lile spika.

Kuhusu hifadhi yenyewe nitasema machache, kwa kuwa huko ndiko kila mtu yuko macho. Kuruhusiwa kupita barabara kuu si kuruhusiwa kuchepuka na kutundika hema. Kambi za ndani zina utaratibu na malipo yake. Pita mchana. Mbung'o bado wapo, na wanavutwa na vitu vinavyotembea na rangi nyeusi na bluu iliyokolea, yaani jaketi lile lile ambalo nusu ya bodaboda wanalipenda. Vaa kaki.

Lipo la ziwa, na hapa Karema inatupa fundisho la pili. Mbelgiji aliyejenga ngome pale mwaka huo huo wa 1879, Kapteni Cambier, aliiweka juu ya kilima kilichokuwa kinaguswa na maji. Lakini upande wa Kongo, Mto Lukuga ulikuwa umeshazibua kizuizi na kuanza kulitoa maji ziwa. Tanganyika likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na ngome ya ufukweni ikajikuta mbali na ufukwe. Mamisionari wa White Fathers walipokabidhiwa mahali hapo mwaka 1885, walikuta mandhari nyingine kabisa. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka: tangu 2020 ziwa limepanda na kumeza nyumba, mialo na barabara katika nchi zinazolizunguka.

Kwa hiyo picha nzuri ya mchanga mweupe uliyoiona simuni haikuambii maji yako wapi leo. Muulize mvuvi. Muulize pia viboko wanapandia wapi usiku, maana kiboko hutoka majini giza likiingia kwenda kula nyasi, hufuata njia ile ile, na hema lililokaa kati yake na maji yeye analiona ni kizuizi. Njia yake inatambulika mchana: mifereji miwili iliyokanyagwa, na katikati ukingo wa majani. Kuhusu kuchota maji na kuoga, fanya wanapofanya wenyeji, saa wanazofanya wenyeji. Mamba wa Tanganyika hawabagui mgeni.

Kisa cha Carter hakikuishia Karema. Juni 1880 alianza safari ya kurudi pwani pamoja na Mskoti aitwaye Cadenhead. Walipita huku kwetu, wakatua katika kijiji cha Mpimbwe. Tembo walikuwa wameshakwisha, mbung'o walikuwa hadithi ya jana. Wasichokipa uzito ni kwamba nchi ilikuwa vitani: majeshi ya Mirambo wa Urambo na mshirika wake aitwaye Simba yalikuwa yanazunguka eneo hilo. Kijiji kilivamiwa wageni wakiwa ndani, Wazungu wote wawili wakauawa pamoja na wapagazi wao wengi. Mirambo baadaye alisema hakuwa na nia ya kuwaua. Alikuwa anapigana na wenyeji wao.

Leo hakuna majeshi njiani, lakini hema geni lililoota usiku kando ya kijiji bado ni swali kwa wenye kijiji, hasa penye mifugo, nyavu na injini za mitumbwi zinazoibwa. Mtu wa kwanza kumwona ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, tena kabla jua halijazama, na si kwa simu ya saa nne usiku baada ya mgambo kufika na tochi. Mwenyekiti ndiye atakayekuonyesha uwanja wa shule au ua wa mtu, na ndiye atakayejua ugomvi wa wiki hii uko wapi.

Vijana walibishana muda mrefu kuhusu spika. Muuza duka alitaka libaki nyumbani, mwenye spika akasema afadhali waache mchele. Fundi akawaacha wabishane, akaanza kufungua keria ili aihamishe mbele kidogo, kisha akauliza nani kati yao anamjua mtu Ikola au Karema, kule ziwani. Hakuna. Akafuta mikono, akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya shemeji yake.