Bezaleli Naye Alijazwa Roho

Matokeo ya KCSE yakitoka, swali ni moja kila nyumba: "Amepata ngapi?" Akiwa na C+ kwenda juu, simu zinapigwa hadi ushago, kwa sababu mlango wa chuo kikuu umefunguka. Akiwa na D, sauti zinashuka. Kuna watoto wanarudishwa kidato cha nne mara mbili, na kipande cha shamba kinauzwa, ili mradi siku moja picha ya joho itundikwe sebuleni.

Nauliza: hilo joho tunamtafutia mtoto, au tunajitafutia jina?

Soma Kutoka 31. Mungu alipotaka hema lake lijengwe, alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho. Sisi Wapentekoste tukisikia mtu amejazwa Roho, tunangoja anene kwa lugha ama ahubiri. Bezaleli alijazwa, akashika patasi. Akafanya kazi ya dhahabu, ya shaba, ya mawe na ya mbao. Sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walipewa moyo wa kufundisha wengine. Upako huo uliendesha karakana!

Kule Nazareti nako, Marko 6, watu walimdharau Yesu kwa kuwa walimjua kama seremala wa hapo kwao. Dharau hiyo iliwanyima miujiza.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu na namshukuru Mungu kwa hiyo digrii. Daktari hafunzwi gereji. Lakini digrii ikigeuka kipimo cha utu wa mtu, hiyo imekuwa sanamu.

Wacha pia tusidanganyane. Kazi ya fundi ina jua na vumbi, na kuna wiki simu ya mteja hailii. Lakini hata wenye digrii, wako wanaozunguka mjini na bahasha ya kaki mwaka wa tatu sasa. Njia zote mbili zinataka imani na bidii. Na ufundi una ngazi zake: KUCCPS inayowapeleka vijana chuo kikuu ndiyo inawapeleka pia vyuo vya kiufundi, na aliyejifunzia kazi juakali anaweza kufanya mtihani wa NITA, aanze Gredi ya 3 apande hadi ya 1.

Ndugu fundi, heshima yako uilinde. Anayechukua pesa za vifaa na kuzima simu anawaharibia wenzake wote. Nasi tunaomwita fundi, tunamkata bei mpaka anabaki na nauli tu, halafu Jumapili tunaimba naye kiti kimoja. Watoto wetu wanatuona. Watapenda vipi kazi ambayo sisi hatutaki kuilipa?

Basi tukiwaita madhabahuni wanaoenda kampasi, tuwaite pia wanaoenda kusomea umeme, mabomba, uashi na ushonaji. Wasimame mstari mmoja, wapakwe mafuta yale yale.

Mzazi, keti na mtoto wako wiki hii. Hiyo gredi ushaijua. Muulize mikono yake inapenda kufanya nini, umsikilize mpaka amalize, kisha muombe pamoja.